Nani Ameziba Matundu Haya?

Mwezi wa Julai hapa Arusha ni mwezi wa masweta. Nyumba yetu iko upande wa juu, Mlima Meru uko mgongoni, na asubuhi maji ya bomba yanauma vidole. Ndiyo maana mume wangu aliponunua hita ya maji ya gesi nilishangilia kama mtu aliyepewa shamba. Fundi wa kwanza aliifunga ukutani ndani ya bafu, mtungi ukabaki nje, na mpira wa gesi ukapitishwa kwenye tundu la ukuta. Ukifungua bomba la mvua unasikia tik-tik-tik, moto unawaka, na baada ya muda mfupi maji ya moto yanakuja. Mama mwenzangu unayeamka alfajiri kuwasha jiko ili watoto wapate maji ya kuoga, unaijua raha ninayoizungumzia.

Mwaka juzi baridi ilianza mapema. Mtoto wetu wa mwisho alikuwa na miezi mitano, na kila nilipomwogesha niliona upepo ukiingia kupitia yale matundu ya hewa yaliyo juu ya dirisha la bafu. Siku moja nikapanda kwenye kigoda, nikayaziba kwa vipande vya kitenge kikuukuu, na juu yake nikabandika nailoni. Bafu likawa na joto zuri. Jambo hilo nikalisahau kabisa.

Wiki mbili baadaye hita ikaanza ukorofi. Mume wangu alikuwa Dodoma kikazi, nami sikutaka kumsumbua wala kumlipa fundi kwa jambo dogo. Hita za namna hii hazina tangi. Maji yakipita kwa nguvu, yanasukuma kipande cha mpira kilichomo ndani, nacho kinafungua njia ya gesi. Cheche za kuwashia zinatoka kwenye betri mbili kubwa, kama zile za tochi. Basi ikiwa husikii tik-tik-tik, anza na betri. Niliweka mpya, na ile sauti ikarudi.

Siku ya tatu sauti ilikuwepo lakini moto unawaka na kuzimika. Nikaona maji yenyewe yanatoka kinyonge. Nikafunga gesi mtungini, nikafunga maji, nikafungua nati ya bomba linaloingiza maji chini ya hita. Ndani yake kuna chujio dogo, na nilipolitoa lilikuwa limejaa mchanga na utelezi wa kijani kutoka kwenye tangi letu la juu. Nikalisugua kwa mswaki wa zamani, nikalirudisha. Nilipofungua mtungi nilipaka povu la sabuni kwenye maungio yote ya mpira wa gesi, kwa sababu povu likichemka ujue gesi inavuja. (Wako wanaotazama kwa kiberiti. Tafadhali, usifanye hivyo hata kwa mzaha.) Hapakuvuja kitu. Maji yakaja kwa kishindo, na moto ukawaka bila kuzimika tena.

Kwa kweli nilijisikia vizuri. Nilimpigia simu mume wangu nikamwambia, "Baba, hita nimeitengeneza mwenyewe." Akacheka, akasema akirudi atanifungulia karakana.

Sasa sikiliza kilichotokea. Hita iliyokuwa ikizimika kila baada ya dakika mbili sasa ilikuwa inawaka mfululizo, ndani ya bafu nililoliziba kwa mikono yangu.

Ijumaa jioni binti yetu wa miaka tisa aliingia kuoga. Yeye akipata maji ya moto hatoki. Nilikuwa jikoni nikikaanga vitunguu, na sikujua muda umekwenda kiasi gani, ila nilimsikia akiita kwa sauti ya usingizi. Nikamkuta amekaa sakafuni, ameegemea ukuta, maji yanammwagikia. Akasema kichwa kinamuuma na miguu haina nguvu. Nikamfunga kanga nikambeba mpaka barazani, akatapika.

Nikasema ni malaria. Sisi akina mama tukiona kichwa na kutapika, ndilo jina la kwanza linalotujia. Jirani alitusindikiza zahanati, na njia nzima tukipigwa na baridi nilikuwa najilaumu kwa kumtoa nje. Kumbe ile hewa ya nje ndiyo iliyokuwa inamsaidia. Walipompima, malaria hakuna. Tulipofika nyumbani alikuwa anadai chakula.

Kesho yake nilimwogesha mdogo, na mimi mwenyewe nikaanza kusikia kichwa kikigonga. Ndipo nikapata hofu. Nikamtoa mtoto mbio, nikafunga mtungi, nikaita fundi mmoja mzee ambaye jirani yangu anamwamini.

Nilidhani atafungua hita mara moja. Hakuigusa. Alisimama mlangoni, akatazama juu ya dirisha.

"Mama, nani ameziba matundu haya?"

Nitasema ukweli. Maneno yaliyonijia kwanza mdomoni ni "watoto." Nilinyamaza kidogo, kisha nikasema, "Ni mimi, mzee."

Hakunigombeza. Aliwasha hita, mlango ukiwa wazi, akaniita nitazame kwenye kile kidirisha kidogo cha mbele. Moto wa gesi unapaswa kuwa wa buluu. Wetu ulikuwa na ndimi za manjano, na alipopitisha kidole kwenye mfuniko wa juu kilitoka cheusi kwa masizi. Akanieleza kwamba lita moja ya gesi huhitaji zaidi ya lita ishirini za hewa ili iungue sawasawa. Ikikosa hewa hutoa kaboni monoksaidi, sumu isiyo na harufu wala rangi. Ile harufu kali tunayoijua ya mtungi unaovuja haimo humo. Sumu hii hushika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo mtu anaishiwa pumzi huku anavuta pumzi.

Nilimwambia, "Lakini mzee, gesi si ni safi?"

Akaniuliza kama naweza kulala na jiko la mkaa chumbani. Nikasema, hata kidogo! Nani asiyezijua habari za watu walioingiza jiko ndani kwa ajili ya baridi na asubuhi wakakutwa wamekufa? "Ni sumu ile ile," akasema. "Ila hii haina moshi wa kukuonya."

Nilipanda kwenye kigoda kile kile nikaving'oa vitambaa vyangu. Lakini fundi alikataa kuiacha hita ndani, hata matundu yakiwa wazi. Alisema haikupasa kufungwa humo tangu mwanzo. Aliihamishia nje, ukuta wa nyuma chini ya paa, na bomba la maji ya moto tu ndilo linaloingia bafuni. Alikisafisha kichomeo kwa brashi laini, akatoa vumbi na utando wa buibui, na moto ukawa wa buluu. Kazi yote ilinigharimu kama bei ya vitenge viwili, na ninajua ni vitenge gani nilivyokuwa nimevipangia fedha hiyo.

Kazi ngumu ilikuwa kumweleza mume wangu aliporudi. Nilimweleza yote usiku, watoto wamelala. Alikaa kimya muda mrefu mpaka nikaogopa. Halafu akasema, "Mama, vile vitambaa niliviona kabla sijasafiri. Nikasema moyoni, mke wangu ana akili, bafu lina joto." Tulitazamana. Asubuhi alimwita mwenye nyumba, wakaenda pamoja kukagua nyumba ya pili ya uani, ambayo hita yake ilikuwa imefungwa ndani vile vile.

Sasa maji yanachelewa kidogo kupata moto kwa sababu ya urefu wa bomba, na watoto wanalalamika. Waache walalamike. Binti yetu bado anakaa bafuni kupita kiasi, anaimba nyimbo za shule kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Akinyamaza, naacha sufuria motoni naenda kugonga mlango.