Nikinywa Nitakwenda Wapi

Jumatatu, 20 Januari 2025

Kaskazi imeshika. Bati la zahanati linalia tangu saa tatu asubuhi na feni inasukuma hewa ile ile ya moto. Mama wa mboga kutoka sokoni kaja na yale yale: mkojo unachoma, chini ya kitovu panavuta. Kipimo kimesema UTI. Nimempa dawa pamoja na maneno yangu ya siku zote, mama unywe maji ya kutosha. Akacheka, wala si kwa dharau.

"Dada nesi, nikinywa nitakwenda wapi?"

Choo cha pale sokoni ni shilingi 300 kila ukiingia, na meza amwachie nani? Basi asubuhi hunywa kikombe cha chai, halafu hadi magharibi afike kwake ndipo anapogusa maji. Faida ya maji anaijua vizuri tu. Sikumfundisha kitu.

Jumatano, 22 Januari

Nimempigia hesabu nikiwa nimesimama kwenye daladala. Chooni mara nne, 1,200. Chupa ya lita moja na nusu, 1,000. Hiyo ni 2,200 kabla ya fungu la kwanza la mchicha kununuliwa. Mtu huyu hahitaji kuhamasishwa, biashara yake anaijua kuliko mimi.

Kinachoniudhi ni kwamba dawa yenyewe ipo. Kuna utafiti ulitoka mwaka 2018, wanawake 140 wanaosumbuliwa na UTI za kurudiarudia, wote wakiwa wanywaji wadogo wa maji. Nusu yao waliongeza lita moja na nusu kwa siku kwa mwaka mzima. Wale ambao hawakuongeza waliugua wastani wa mara 3.2, walioongeza mara 1.7. Karibu nusu! Na hakuna uchawi hapo. Mkojo ukiwa mwingi unasafisha njia, ukiwa mchache na ukakaa kibofuni kutwa, vijidudu vinapata nafasi ya kuzaana. Lita moja na nusu ndiyo hiyo chupa ya 1,000. Lakini sidhani kama hao 140 walikuwa wanalipa mlangoni.

Jumapili, 2 Februari

Shemeji katuma tena kwenye kundi la familia ile picha ya glasi nane kwa siku, na onyo kwamba chai na kahawa "haviingii kwenye hesabu". Nimeiacha ipite, ndugu wasije wakasema nesi anajifanya. Naandika hapa.

Hizo glasi nane hazina mwenyewe. Wengi huzifuatilia hadi mwaka 1945, bodi ya lishe ya Marekani ilipotaja lita mbili na nusu, ikaongeza sentensi kwamba sehemu kubwa ya maji hayo imo tayari kwenye chakula. Watu wakabeba namba, sentensi wakaiacha. Mwaka 2002 Heinz Valtin, bingwa wa figo, aliusaka ushahidi wa glasi nane kwa mtu mzima mwenye afya na hakuupata. Ulaya mwaka 2010 walipanga lita 2 kwa mwanamke na 2.5 kwa mwanamume, wakijumlisha na ya kwenye chakula, tena kwa hali ya hewa ya wastani. Hapa Mbagala, Dar, mwezi wa pili si wastani.

Chai inahesabika. Uji, mchuzi, tikiti, dafu, vyote vinahesabika. Mimi namwambia mgonjwa aangalie mkojo: ukiwa wa manjano hafifu yuko sawa, ukikolea kama chai ya rangi aongeze. Isipokuwa wale wa dawa za TB, rifampisini inaugeuza rangi ya chungwa hata ukinywa pipa.

Jumapili, 16 Februari. Iringa, usiku

Shangazi anaumwa, nimepanda basi la alfajiri. Abiria wa kike tunajuana kwa midomo mikavu. Jirani yangu wa kiti, mtu mzima kiasi cha mama yangu, aliacha kunywa tangu jana jioni kwa ajili ya safari. Mbele ya Morogoro konda akatangaza kuchimba dawa, dakika tano. Wanaume walishukia pale pale wakageukia porini. Sisi tukavuka mtaro na khanga zetu, tukasogea mbali, tukazungushiana, na wa mwisho hajamaliza honi inapigwa. Ukiingia hifadhi ya Mikumi hakuna kushuka, na baada ya hapo ni joto la Ruaha Mbuyuni hadi uupande mlima wa Kitonga. Alipofika Iringa yule mama kichwa kilikuwa kinampasuka. Anasema ni safari. Nikampa maji yangu, akayanywa yote akiwa tayari ameona bango la choo cha stendi.

Jumanne, 18 Februari

Shangazi ana kizunguzungu akisimama. Presha inashuka, ngozi ya mdomo imepasuka. Huku kuna baridi, kiu haimjii, na kwa umri wake isingemjia vizuri hata Dar: mwili ukizeeka kengele ya kiu hulegea.

"Mwanangu, nikinywa jioni nitaamka usiku."

Choo kiko nyuma ya nyumba, kupita zizi, na mwaka juzi aliteleza hapo hapo. Kumbe naye! Mama wa sokoni anaogopa mchana, shangazi anaogopa usiku. Nilipotaja ndoo ya chumbani aliniangalia kama nimemtukana, nikanyamaza. Tumekubaliana hivi: vikombe viwili vya uji asubuhi, matunda, maji hadi saa kumi jioni, baada ya hapo ni kumeza vidonge tu. Binamu kaahidi taa ya kule nyuma. Ndoo nimeiacha chini ya kitanda bila kusema kitu.

Jumatano, 12 Machi

Ramadhani. Mwenzangu wa chumba cha sindano hunywa jagi zima wakati wa daku, kisha analalamika kwamba yote yanatoka kabla ya saa tatu. Ni kweli yanatoka. Ukimimina mengi kwa mara moja figo huyaona ya ziada na kuyatoa. Nimemshauri ayagawe kuanzia futari, na chumvi apunguze. Akaniambia jambo ambalo sikulitegemea: mwezi huu anakunywa kuliko miezi mingine yote, kwa sababu maji yake yote yanaingia akiwa nyumbani, karibu na choo chake.

Ijumaa, 21 Machi

Kesho ni siku ya maji duniani, fulana za bluu zimeshafika. Nilipangiwa elimu ya afya ya asubuhi. Nikaacha bango ukutani nikauliza: mchana huwa mnajisaidia wapi? Kimya, cheko, halafu benchi zima likaongea kwa pamoja. Wauza samaki wawili hupokezana meza. Mmoja ana mapatano na saluni ya jirani, anawaletea ndoo ya maji na choo anatumia bure. Konda wa daladala anataja vituo vya mafuta vyenye watu wema na visivyo nao. Binti wa sekondari akasema yeye hubana mpaka nyumbani. Mwongozo wa shule unataka tundu moja kwa wasichana 20, yeye akanitajia foleni ya kwao.

Kisha bibi mmoja: "Na hiki cha kwenu mbona kina kufuli?"

Nikaenda kwa mganga mfawidhi. Kasema ufunguo anao mlinzi kwa sababu watu wa stendi wanaingia hovyo. Nikamwambia watu wa stendi ndio wanaotujazia foleni ya UTI. Kikao ni Jumatatu. Nimeomba kufuli liingie kwenye ajenda, juu ya suala la sare.