Maua Katika Meza ya Karamu

Karamu ina milango miwili: mmoja ni macho, na wa pili ni kinywa. Mgeni huingia kwanza kwa mlango wa macho. Akikaribishwa vema hapo, hata chakula kidogo humtosha. Asipokaribishwa, sinia zima la pilau haliwezi kumfurahisha. Kwa sababu hii watu wa mataifa mengi hupamba mahali pa kulia. Wahindi wana ustadi wa kale katika jambo hili, na ningependa tuutazame pamoja, msomaji, maana ndani yake mna fundisho linalopita uzuri wa maua.

Zamani watu wa India walikula wakiketi chini, na katika nyumba nyingi hufanya hivyo hata leo. Maua nayo yalipangwa chini. Huko Kerala, kusini mwa nchi ile, sikukuu ya Onam inapofika, watu hupanga petali za rangi mbalimbali mbele ya nyumba zao kwa muda wa siku kumi, duara nje ya duara, na siku iliyo kuu hula karamu yao juu ya majani ya mgomba. Meza ilipoingia nyumbani desturi hiyo haikufa. Maua yalipanda kutoka sakafuni yakakaa mezani.

Mimi niliishi miaka mingi Mombasa, ukuta kwa ukuta na nyumba ya Wahindi wenye asili ya Gujarat. Mama wa nyumba ile sote tulimwita Ba, na maana ya neno hilo kwa Kigujarati ni mama. Kila ilipofika Diwali, sikukuu ya taa ambayo huja mwezi wa Oktoba au Novemba katika usiku usio na mwezi, alitualika majirani, nami nilizoea kwenda mapema ili nimtazame akiandaa. Alikata maua alfajiri, kabla jua halijayachosha. Yaliyo bora aliyatenga kwa ajili ya ibada, wala hakuyanusa, kwa kuwa kwao ua lililonuswa halifai tena kutolewa. Yaliyosalia yalikuwa ya wageni. Vikonyo alivikata mshazari ili vinywe maji vizuri, akaondoa kila jani ambalo lingezama, kwani jani likizama huoza, na maji yakioza ua halikawii kunyauka.

Kazi yake ilikuwa na sheria chache, na kila sheria ilikuwa na sababu. Katikati ya meza aliweka bakuli pana la shaba, akalijaza maji, akaeleza juu yake vichwa vya maua bila vikonyo. Hakuweka chombo kirefu, maana chombo kirefu huwa ukuta kati ya mtu na mwenzake, na watu wasioonana hawazungumzi. Hakutandaza maua meza nzima, maana mgeni hula kwa mkono wa kulia kutoka sahani pana yenye vibakuli vya dengu, mboga na achari, na mkono huo unataka nafasi. Vitaa vya udongo, vyenye mafuta na tambi za pamba, aliviweka mbali na maua na mbali na upepo. Ua la oleanda, ambalo hupendeza sana katika bustani nyingi za Kenya, hakuliruhusu kukaribia chakula, kwa kuwa mti wake wote una sumu.

Harufu nayo ilikuwa na mpaka wake. Asumini Ba aliichuma jioni ikiwa bado imefumba, akaitunga kwa uzi. Giza lilipoingia, wageni wakiwa wanaketi, ikafunguka. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa, maana asumini na vikuba ni mambo ya kwao. Lakini Ba aliitundika mlangoni, si mezani. Iliki, bizari na samli zina harufu zao, na harufu mbili zikigombana mgeni hanufaiki na hata moja.

Ua lililotawala meza ile lilikuwa marigodi, la rangi ya chungwa na ya manjano, ambalo kwa Kihindi huitwa genda. Ukiona jinsi linavyojaa katika makoja, mahekalu na arusi za India, utadhani limeota huko tangu mwanzo wa dunia. Sivyo. Asili yake ni Meksiko na nchi za jirani, nalo lilifika India baada ya Wareno kufungua njia zao za bahari katika karne ya 16. Pilipili iliyo ndani ya mchuzi ilitoka pande hizo hizo. Basi ua hili lilikuwa mgeni, likapokewa, likawa mwenyeji, na sasa ndilo linalowakaribisha wengine.

Yamkini utaniuliza: Ya nini kutaabikia kitu kitakachotupwa kesho? Si afadhali fedha na nguvu hizo ziongeze chakula? Swali hili nililiona likijibiwa. Mwaka mmoja duka la familia ile lilifilisika. Mwana mkubwa alishauri mlango ufungwe na wageni wasiitwe, kwa kuwa ilikuwa aibu kuwaweka mbele ya sahani zenye vitu viwili au vitatu. Ba alikataa. Alisema kwamba umaskini wa sahani unaweza kusameheka, lakini umaskini wa makaribisho hausameheki. Maua ya uani kwake hayakununuliwa kwa senti; aliyachuma, akayapanga kwa uangalifu kuliko mwaka wowote. Mumewe, ambaye kwa wiki nyingi alikuwa akikwepa macho ya watu, aliketishwa katikati, mbele ya lile bakuli lililo chini. Hapakuwa na kitu cha kumficha. Alituona, tukamwona, na hakuna aliyeuliza habari za duka. Kabla vitaa havijazimika alikuwa akicheka na jirani aliyeketi upande wa pili. Maua hayakulipa deni lake hata kidogo, lakini yalimrudisha miongoni mwa watu.

Watu wengine huyaita mapambo uongo, na mapambo ya kujionyesha ni uongo kweli. Mwenye kupamba ili asifiwe hutazama meza. Mwenye kupamba ili mgeni aheshimike humtazama mgeni. Huyu wa pili hujiuliza: Je, ataona uso wa mwenzake? Atapata nafasi ya mkono wake? Atavuta harufu ya chakula chake? Maswali haya hayahitaji mali. Huhitaji moyo unaomfikiri mtu kabla hajafika.

Kwa hiyo, msomaji kijana, siku utakapopewa kazi ya kuandaa meza ya sikukuu, usisikitike kama huna vyombo vya fahari. Chukua bakuli pana, maji safi, na maua yasiyo na sumu yaliyo karibu nawe. Yaweke chini ya kimo cha macho, uache nafasi ya mikono, kisha keti kwa dakika moja katika kiti cha kila mgeni utazame atakachokiona. Ukiona nyuso za wenzake, umeandaa vema. Ua huishi siku moja au mbili. Heshima aliyopewa mgeni huikumbuka maisha yake yote.