Maji kwa Matone

Wapendwa, katika milima yetu ya Usambara kinyonga hana marafiki wengi. Wapo wanaosema ni mkosi, na watoto humpiga mawe. Hata lugha yetu haimtendei wema: mtu asiye na msimamo tunamwita kinyonga, na kazi inayochelewa tunasema inakwenda mwendo wa kinyonga. Lakini misitu yetu, ukiwemo wa Magamba hapa Lushoto, ina vinyonga wasiopatikana penginepo duniani. Dume la aina moja lina pembe mbili juu ya pua. Kwa miaka mingi vinyonga wa Tanzania walisafirishwa wakiwa hai kwenda kufugwa Ulaya na Marekani, hadi Serikali ilipopiga marufuku mwaka 2016 kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi. Wageni walimnunua kiumbe ambaye sisi tunamkimbia.

Mwezi wa Julai mwaka jana, katika baridi na ukungu, binti yetu wa miaka 9 alileta nyumbani kinyonga aliyepigwa mawe. Rangi yake ilikuwa imekuwa nyeusi, macho yamezama, na mchana kweupe ameyafumba. Kwa kinyonga hiyo ni dalili mbaya. Tulimwendea afisa mifugo. Alicheka kidogo, akasema yeye amesomea ng'ombe na mbuzi. Ila alitupa neno moja lililotufaa: kinyonga hazoei kunywa kwenye bakuli, hunywa matone ya umande na mvua kwenye majani.

Basi tukamweka juu ya tawi, karibu na dirisha linalopata jua la asubuhi, tukinuia kumrudisha porini akipona. Kila siku binti yetu alidondosha maji kwenye jani, tone baada ya tone, akingoja. Mara nyingine alingoja nusu saa nzima kabla mdomo haujafunguka.

Mzee mmoja wa kanisa alituuliza, bila ubaya: "Mchungaji, usharika una wagonjwa wote hawa, nanyi mnauguza kinyonga?"

Swali lilikuwa la haki. Hata ndani ya nyumba tulikuwa na mgonjwa, Bibi, aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi. Kumnywesha kulihitaji muda mrefu, maana akiharakishwa hupaliwa. Jioni moja binti yetu alimfuata mama yake kitandani pa Bibi, akanyoosha mkono kuomba kijiko. "Mama, nipe mimi. Bibi naye anakunywa kwa matone." Akaketi. Bibi alimaliza kikombe bila kukohoa hata mara moja.

Siku ya tisa kinyonga alikufa. "Baba, tulimwombea," binti yetu alisema. "Mbona amekufa?" Hatukuwa na jibu la kulimaliza swali hilo, wala hatukulitunga. Tulimzika chini ya mparachichi, tukamwambia tunachokiamini: Bwana wetu alifundisha kwamba hata shomoro, anayeuzwa kwa bei ya chini sokoni, hasahauliki mbele za Mungu. Mithali 12:10 inamtambua mwenye haki kwa namna anavyomjali mnyama wake. Na kitabu cha Yona kinaishia kwa Mungu kuuhurumia mji wa Ninawi, na neno la mwisho kabisa analolitaja ni wanyama wake. Yona alitaka hesabu ya wanaostahili. Mungu alikuwa na huruma iliyowafikia hata wale ambao nabii hakuwahesabu.

Huruma si gunia la mahindi, kwamba ukimpimia mmoja debe, mwingine anapungukiwa. Ni kama jembe: linalolima halipati kutu. Mtoto aliyejifunza kumngoja kinyonga ndiye aliyeweza kumngoja Bibi. Hilo ndilo jibu letu kwa mzee wetu, na tulipompa, alinyamaza kidogo, kisha akauliza hali ya Bibi.

Wapendwa, nyumba zetu zina wagonjwa ambao hawatapona upesi, na wengine hawatapona. Hatukuahidiwa kwamba kila tunayemwombea atainuka. Tumeitwa kukaa naye. Wiki hii tukienda kumtazama mgonjwa, tusimsomee Neno tukiwa tumesimama mlangoni. Tuvute kigoda, tushike kijiko, twende mwendo wake, hata ukiwa mwendo wa kinyonga.