Nyufa za Bushiangala

Soko la Ekero limekaa kando ya lami inayotoka Kakamega kwenda Mumias. Trekta likipita na trela za miwa, vioo vya madirisha hulia na chupa za soda hugongana rafuni, wala hakuna anayegeuka. Mtikisiko huo hufifia mita chache kutoka barabarani. Lakini chini ya udongo wa huku umelala mwamba mkongwe wa graniti, ambao wanajiolojia wameupa jina la Mumias, na mwamba mgumu hausahau pigo upesi hivyo. Husafirisha mshindo mbali.

Hilo nililihisi kwa miguu yangu Ikolomani, kusini mwa mji wa Kakamega, kwenye vijiji vya Isulu na Bushiangala. Wachimbaji wadogo huteremka kwa kamba kwenye mashimo membamba, na mwamba ukishinda sururu, hulipuliwa kwa baruti. Nilikuwa nimeketi uani kwa mama mmoja pale ardhi iliposukuma nyayo zangu kutoka chini. Sauti ilifuata baadaye, kwa kuwa mtetemo hupita kwenye mwamba kwa kasi kubwa kuliko hewani. Kuku walitawanyika.

“Huu wa leo mdogo, mwanangu,” alisema, akanipeleka ndani. Ufa ulianzia kwenye kona ya dirisha ukapanda hadi kwenye paa. Kando yake palikuwa na mwingine uliozibwa kwa simenti ukafunguka tena.

Ni baruti? Kiangazi nacho hupasua kuta za udongo, na msingi mfupi huzama. Ndiyo maana mwenye shimo huona rahisi kukana, na mwenye nyumba hana la kumjibu. Sheria ipo: kanuni za kelele na mtetemo za mwaka 2009 zinakataza mtetemo unaozidi sentimita 0.5 kwa sekunde kwenye mpaka wa eneo unakotoka. Ila kiwango hicho hakijulikani kwa jicho, na uani kwa yule mama sikuona kipimo chochote.

Kakamega imewahi kulipia dhahabu. Ilipogunduliwa mwaka 1931, wageni walimiminika, na mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikabadilisha sheria ya ardhi ili watu waweze kuondolewa kupisha migodi bila kupewa ardhi nyingine. Mgodi wa Rosterman, pembeni mwa mji, ulifungwa mwaka 1952. Mahandaki yake yalibaki, na leo watu wamejenga mtaa juu yake.

Sasa kampuni ya Shanta Gold inapanga mgodi wa chini ya ardhi Isulu na Bushiangala. Wahandisi wanajua kupunguza mtetemo: baruti hugawanywa, mashimo yakalipuka kwa kupishana kwa sehemu ndogo mno za sekunde, badala ya yote kwa pamoja. Ujuzi huo una faida kwa jirani pale tu anapoonyeshwa vipimo.

Basi, kabla ya mgodi wowote mpya kulipua, mamlaka ya mazingira, NEMA, na serikali ya kaunti ziagize kila nyumba ya jirani ikaguliwe, vipimo vya mtetemo viwekwe vijijini, na matokeo yasomwe barazani kwa chifu. Nawe unayeishi karibu na shimo, piga picha za kuta zako leo, uandike tarehe, uzihifadhi.