Bi Harusi wa Nchi ya Baridi: Kabla Fundi Hajafunga Ukuta



Sisi ni mke wa Unguja na mume Mrangi wa Kondoa. Tunaishi Endasak, wilaya ya Hanang mkoani Manyara, ukitoka Babati kuelekea Katesh. Kwetu pwani tukisema baridi tunakusudia kipupwe, shuka mbili zinatosha. Huku Juni na Julai upepo wa upande wa Mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, hupenya kila tundu, na asubuhi hata kushika maji ya udhu ni jihadi.

Nyumba tuliyoanzia maisha ni ya tofali za kuchoma, bati juu, haina dari. Mwaka jana tulikuwa tunasubiri mtoto wetu wa kwanza, na kwa hesabu ya kliniki arubaini yetu ingeangukia Julai. Wengi wakizidiwa na baridi huingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga madirisha, wakalala. Dada zetu, hilo ni jambo la hatari sana. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na mtu anaweza kulala nayo asiamke. Tukakubaliana kwamba chumba chenyewe kishike joto, jiko lisiwe na sababu ya kuvuka mlango.

Jambo hili si geni kama linavyosikika. Wairaqw, majirani zetu, zamani walijenga tembe: nyumba za udongo zenye kuta nene na paa la udongo, nyingine zikiwa zimechimbiwa kwenye mteremko wa kilima. Na kwetu Mji Mkongwe, kuta za mawe na chokaa ni nene kiasi kwamba mchana wa jua kali ndani mnapumua. Unene ule ule unaozuia joto la pwani ndio unaozuia baridi ya bara. Ukuta wetu wa tofali moja hauna unene huo, kwa hiyo ilibidi uongezewe kwa ndani: mbao zipigwe ukutani, katikati ya mbao kujazwe kitu cha kuzuia baridi, kisha juu yake ifungwe jipsamu.

Fundi wa kwanza aliangalia chumba kwa dakika tano, akasema bodi ishirini za jipsamu na nusu ya pesa leo leo. Tulipomuuliza nyuma ya bodi ataweka nini, akacheka: "Shemeji, pakishapigwa rangi nani ataona ndani?" Tukampa chai, tukamshukuru, tukachukua futi ya kupimia.

Hesabu yenyewe si ngumu, na kila bi harusi anaiweza. Bodi ya kawaida ni mita 1.2 kwa 2.4. Chumba chetu ni mita 3.6 kila upande, na kuta zinazopigwa na upepo wa nje ni mbili tu. Dari ikikaa kwenye kimo cha mita 2.4, kila ukuta unakula bodi tatu, jumla sita. Dari inakula nne na nusu, tuseme tano. Hizo ni kumi na moja, na moja ya akiba kwa itakayovunjika. Kumi na mbili, si ishirini.

Fundi wa pili alikuwa mtu mzima. Kabla ya kuingia chumbani alizunguka nje, akagusa ukuta kwa chini, akatuonyesha mahali maji ya mvua yanapopiga na kuacha unyevu. Akasema jipsamu ikinywa maji huvimba na kuoza, kwa hiyo kwanza tuchimbe mfereji wa kutoa maji, tuzibe nyufa kwa sementi, ukuta ukauke. Akatuambia pia kwamba bodi peke yake haizuii baridi ya maana. Kazi inafanywa na hewa iliyotulia nyuma yake. Alishauri pamba ya kioo, nyuzi laini mfano wa sufi ya mto, ambazo hushika hewa isitembee. Tena tuanze na dari, kwa sababu hewa ya joto hupanda juu, na bati tupu halizuii kitu.

Tulipotoa karatasi ya kuandikiana, uso wake ukabadilika. "Mama, mnaniona mimi mwizi?"

Mama mkwe, aliyekuwa anachambua mchele pembeni, akajibu kwa upole: "Kaka, hata ndoa ya hawa watoto tuliiandika, na mashahidi tukaweka. Si kwamba hatukuwaamini."

Mzee akatabasamu, akavuta kiti.

Dada zetu, aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, ni ya kuandikiana deni la muda na kuweka mashahidi. Tunaisikia ikisomwa, lakini fundi tunampa pesa kwa mdomo barazani, halafu tukigombana tunasema mafundi hawaaminiki. Kuandika kunamlinda na yeye, asije akaongezewa kazi asiyolipwa.

Karatasi yetu ilikuwa ya ukurasa mmoja. Iliandika idadi ya bodi na unene wake, mbao zipakwe dawa ya mchwa, nani ananunua vifaa na risiti zibaki kwa nani. Nyaya za umeme zipite ndani ya mabomba yake. Bodi za ukutani zisiguse sakafu, ziachwe juu kidogo zisinyonye maji. Matundu ya hewa juu ya dirisha yasizibwe kabisa, maana chumba kinachoshika joto bado kinahitaji kupumua. Malipo kwa mafungu matatu: kuanza, baada ya mbao na pamba, na kumaliza. Na sharti moja tulilipigia mstari: hakuna bodi itakayofungwa ukutani kabla hatujaangalia ndani.

Siku ya kuangalia tulikwenda na tochi. Karibu na dirisha kijana wake alikuwa ameshindilia pamba kwa nguvu ili ienee, na pamba ikibanwa sana hupoteza kazi yake, kwa sababu hewa haina tena pa kukaa. Hatukuhitaji kusema mengi. Mzee alivaa glavu na barakoa, akaitoa yote, akaipanga upya, kisha akatuita tuangalie tena. Fungu la pili tulimpa pale pale, kabla hajanawa mikono. Na la mwisho hatukulilaza hata usiku mmoja, kwa sababu kuchelewesha ujira wa mtu aliyetoka jasho ni dhulma, hata kama ni kwa siku chache.

Mtoto alizaliwa Julai, alhamdulillah. Chumba hakikuwa na joto la Unguja, tusidanganyane, na blanketi zilifanya kazi yake. Lakini mama alipokuja kutoka kisiwani kutulea arubaini alivua sweta ndani ya chumba, na jiko la mkaa lilibaki jikoni siku zote.

Basi bi harusi, ukipelekwa kuiona nyumba, usiangalie makabati na mapazia tu. Weka kiganja ukutani, uone kama ni mkavu. Inua macho, uone kama kuna dari. Uliza hewa inapita wapi. Na mkiita fundi, karatasi iwe mezani pamoja na chai, na pesa iwe tayari siku kazi inapokwisha. Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zenu sakina na mapenzi. Amin.