Kofia ya Kukulia

Mama wa Unguja akimshonesha mwanawe kanzu ya Idi humwagiza fundi aache pindo refu, mtoto akue nayo. Desturi hiyo ilivuka bahari pamoja na mama mmoja aliyehamia Columbus, Ohio, hata siku mwanawe wa miaka 13 alipotaka kucheza mpira wa Kimarekani.

Dukani kofia ngumu zilipangwa mafungu mawili: za watoto na za watu wazima. Kijana aliikimbilia ya watu wazima, maana wenziwe walikwisha kuota ndevu. Mama naye akaitaka iyo hiyo, maana ingedumu. Kwa mara ya kwanza walikubaliana, na wote wawili wakakosea.

Muuzaji akazungusha utepe kichwani, juu kidogo ya nyusi, kisha akapima mabega toka ncha hata ncha kwa ajili ya kinga zake. Ya watoto ni nyepesi, akaeleza, kwani shingo changa ndiyo iichukuayo. Hata kofia iliyokaa sawasawa haizuii kila mtikisiko wa ubongo, seuze iliyopwaya. Kipimo si umri wala tamaa. Ni mwili wa leo.

"Mama, watanicheka."

"Nawacheke, mwanangu. Kanzu ikikupwaya hupigwa pindo. Hii itapigwa nini?"

Wakaondoka na ya watoto. Usiku mama alifungua sanduku, akaitoa kanzu ya Idi iliyopita. Pindo lilikwisha kufumuliwa lote, wala hakukumbuka ni lini alilifumua mara ya mwisho.