Mizani Ndani ya Makelele

Wengi wetu tunaoishi huku ughaibuni tuna vijana majumbani, na baadhi yao wanasikiliza muziki ambao sisi wazazi huuita makelele. Gita zinanguruma, ngoma zinapigwa kama mvua ya mawe juu ya bati, mwimbaji mara ananong'ona, mara anapiga ukelele. Leo tungependa kuutetea wimbo mmoja wa aina hiyo, kwani ndani yake tumekuta kitu ambacho Waswahili tunakifahamu tangu zamani: mizani.

Wimbo wenyewe ni Lateralus, wa bendi ya Tool kutoka Los Angeles, Marekani. Ulitoka mwaka 2001 katika albamu yenye jina hilohilo, na unazidi dakika tisa. Muziki huo huitwa progresivu metali, yaani metali nzito isiyokubali kutulia kwenye mapigo manne ya kawaida.

Mwanzoni mwa ubeti, kifungu cha kwanza kina silabi moja, cha pili moja, kisha mbili, tatu, tano, nane. Halafu vinarudi nyuma, tano, tatu. Baadaye mwimbaji anafika hadi 13. Kila namba ni jumla ya mbili zilizoitangulia. Mfuatano huo umepewa jina la Fibonacci, Mtaliano wa Pisa aliyeuandika mwaka 1202 katika hesabu ya sungura wanaozaana. Lakini wanazuoni wa India walikwisha kuufikia kabla yake, tena kwa njia ya ushairi. Walitaka kujua mshororo unaweza kupangwa kwa njia ngapi kwa silabi fupi na ndefu. Fupi ukiihesabu moja na ndefu mbili, mshororo wenye uzito wa nne una njia tano, wa tano una nane, wa sita una 13. Kwa hiyo Tool walipozitia namba hizo kwenye silabi, walizirudisha kwao.

Kiitikio nacho kina hesabu yake. Fungu la kwanza lina mapigo tisa, la pili nane, la tatu saba. Jumla ni 24, sawasawa na mafungu matatu ya nane. Kilichozidi mwanzo kinapunguzwa mwisho, na deni linalipwa. Msikilizaji anahisi sakafu inayumba, lakini haanguki. Wanabendi wameeleza kwamba jina la kwanza la wimbo lilikuwa 9-8-7, kisha wakagundua kuwa 987 ni namba ya 16 katika mfuatano uleule. Tulicheka, maana mshororo wa shairi letu nao una mizani 16: nane za ukwapi, nane za utao. Ni sadfa tu, lakini sadfa tamu.

Na maana yake? Anaanza mtoto mchanga anayeona nyeusi na nyeupe tu, kisha rangi nyingine zinamjia, na dunia yake inapanuka kama silabi zinavyopanuka. Halafu kiitikio kinaonya: kuchambua mambo kupita kiasi humtenga mtu na mwili wake, hisia zikanyauka, nafasi zikapita. Hapo ndipo palipotushika. Wimbo uliojengwa kwa hesabu kali namna hii ndio unaotuonya tusizame katika hesabu!

Sisi wahandisi, tuliokuja kusoma ng'ambo mwanzoni mwa miaka ya 1990 tukabaki, tunaishi kwa kuhesabu. Kazini tunahesabu mzigo wa kila nguzo. Nyumbani kodi, bima, ada za wadogo zetu, pesa za kutuma kila mwezi. Simu ilipokuja usiku kwamba baba amefariki, tulihesabu bei ya tiketi na siku za likizo kabla machozi hayajatoka. Si kwamba moyo ulikuwa mgumu. Ndivyo maisha ya ugenini yanavyomfunza mtu. Machozi yalikuja siku nyingi baadaye, tukiwa peke yetu.

Malenga anayejifunza huhesabu mizani kwa vidole. Akikomaa, vidole vinatulia na sikio linajua lenyewe. Mizani haijatoweka, ni kama nondo ndani ya zege, haionekani lakini ndiyo inayobeba. Vivyo hivyo na ngoma za Danny Carey. Zisikilize mara ya kumi, na tisa na saba zimesahaulika. Kichwa kinatikisika chenyewe. Hesabu ibebe, moyo ukae ndani yake. Hilo ndilo tulilojifunza hapo.

Basi, ndugu zetu, makelele yakisikika tena chumbani, msigonge mlango kwa hasira. Mwombeni kijana awahesabie silabi, kisha nanyi msomeeni shairi ahesabu. Wa kwetu alihesabu kwa vidole nane na nane, ubeti mzima, ingawa nusu ya maneno hakuyaelewa. Akainua macho akasema, "Kumbe na ninyi mnahesabu!" Kisha akauliza maana ya neno la kwanza.